Neno la Mgonjwa: Sisti za Kinywa, Mzio wa Dawa na Wajibu wa Kuuliza katika Nchi ya Meru na Embu

Swali la ushahidi, yaani swali la ni lini na kwa misingi gani mtu anapaswa kusadiki jambo ambalo hakuliona bali ameambiwa, limezoeleka kujadiliwa kwa mifano ya mahakama na ya miujiza, na ni nadra kwa wanafalsafa kuingia nalo katika chumba cha daktari wa meno. Hata hivyo, chumbani humo ndimo linamobana zaidi, kwa sababu mgonjwa anayesema kwamba dawa fulani iliwahi kumdhuru anatoa habari ambayo pengine hakuna mtu mwingine anayeweza kuitoa, habari ambayo huenda ikaokoa maisha yake ikisadikiwa, na ambayo pia huenda ikamnyima tiba iliyo bora ikisadikiwa bila kuulizwa. Tatizo linalochunguzwa hapa ni dogo kwa sura, nalo ni tiba ya sisti za kinywa kwa watu wenye historia ya mzio wa dawa, kama linavyojitokeza kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Na rai inayotetewa ni kwamba kumwamini mgonjwa na kumhoji ni wajibu mmoja, na kwamba anayetimiza nusu yake hajautimiza.

Sisti ni mfuko uliofungika pande zote, wenye utando kwa ndani na majimaji katikati. Iliyo ya kawaida zaidi katika taya huota kwenye ncha ya mzizi wa jino lililokufa, aghalabu kwa sababu ya kutoboka: chembe za utando zilizosalia tangu jino lilipokuwa likiundwa huchokozwa na uchafu unaotoka katika mzizi, huongezeka hadi kujenga mfuko, na maji huvutwa ndani yake kidogo kidogo huku mfupa wa pembeni ukilika bila mwenyewe kuhisi maumivu. Nyingine huzingira taji la jino lililokwama mfupani, hasa gego la mwisho la chini au chonge la juu, na nyingine si za mfupa kabisa, kama kile kivimbe laini cha mate kinachotokea ndani ya mdomo wa chini baada ya mtu kujiuma. Tiba za sisti za taya ni mbili kwa msingi. Ya kwanza ni kuutoa mfuko wote na kuupeleka maabara ili uchunguzwe, kwa maana baadhi ya uvimbe unaofanana na sisti ni wa hatari zaidi. Ya pili, ambayo Mjerumani Carl Partsch aliieleza mwaka 1892, ni kuufungulia dirisha kuelekea kinywani ili majimaji yatoke, shinikizo lishuke, na mfupa ujijaze wenyewe kwa muda wa miezi.

Kazi hiyo yote huhitaji dawa, na hapo ndipo historia ya mgonjwa inapoingia. Kuna sindano ya ganzi, ambayo leo kwa kawaida ni lignokeini iliyochanganywa na adrenalini kidogo ili kupunguza damu. Kuna dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Kuna antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, ambazo maarufu zaidi ni amoksilini, mojawapo ya dawa za jamii ya penisilini. Kuna dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, ambayo watu huidhania kuwa maji tu ya kunukia ingawa nayo imewahi kuua kwa mzio. Na kuna mpira wa glavu za daktari. Mzio wenyewe, dhana iliyopewa jina na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, mwaka 1906, ni kosa la kinga ya mwili, ambayo badala ya kupambana na adui humshambulia mgeni asiye na hatia, na katika sura yake kali mtu huvimba koo, hukosa pumzi, na shinikizo la damu yake huporomoka katika dakika chache. Dawa ya kumwokoa mtu huyo ni adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa paja bila kuchelewa, na daktari asiyekuwa nayo karibu hana haki ya kuanza kazi, hata kama mgonjwa ameapa kwamba hajawahi kudhurika na chochote.

Jambo moja huipa sisti nafasi ya pekee katika mjadala huu, nalo ni mwendo wake wa polepole. Maadili ya tiba yamejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya dharura, na dharura husamehe mengi: anayevuja damu hahojiwi kwa nusu saa kuhusu utoto wake. Lakini sisti iliyokaa tayani miaka mitatu inaweza kusubiri wiki mbili zaidi, isipokuwa imeingiwa na usaha au imelidhoofisha taya kiasi cha kukaribia kuvunjika. Kwa hiyo daktari anayeandika haraka haraka kwamba mgonjwa ana mzio wa penisilini na kuendelea na kazi, au anayelipuuza neno hilo na kuendelea vilevile, hawezi kujitetea kwa kusema wakati ulimbana. Foleni ilimbana, pengine. Lakini foleni ni udhuru wa hospitali, nao hauugeuzi ugonjwa kuwa wa dharura.

Mtu wa Meru au wa Embu hafiki mbele ya daktari akiwa hajui lolote kuhusu utoaji wa ushahidi, maana jamii yake ina taratibu zake za kale na za karibuni za kushughulikia neno lisiloweza kuthibitishwa. Katika nchi ya Meru lilikuwako, na lingaliko, baraza la wazee la Njuri Ncheke, lenye makao yake mashuhuri Nchiru, na huko, kama vile Mbeere na Embu, madai yasiyokuwa na mashahidi, hasa ya ardhi, yaliweza kukatwa kwa kiapo kilichoambatana na kuuawa kwa beberu, ambapo mwenye kuapa alijitakia maangamizi yeye na jamaa yake iwapo amesema uongo. Hekima ya utaratibu huo ni kwamba uchunguzi huondolewa mikononi mwa binadamu na kukabidhiwa nguvu zilizo juu yao. Wazee husubiri, na misimu ipitapo bila msiba, neno la aliyeapa husimama. Baada ya kiapo hakuna maswali, na kuuliza tena ni kuwatukana aliyeapa na nguvu alizoziapia.

Utaratibu wa karibuni zaidi ni ule wa uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaingia Kenya kabla ya muongo huo kwisha, na kuacha alama kubwa katika makanisa ya Mlima Kenya. Mwenye kuokoka husimama mbele ya wenzake, husimulia alikotolewa, na mara nyingi husimulia pia ugonjwa ulioondoka baada ya maombi, na wenzake humjibu kwa wimbo. Hakuna anayeuliza ugonjwa ulikuwa upi, ulipimwa wapi, au ulirudi baada ya muda gani, kwa kuwa ushuhuda huo hautolewi ili kupimwa bali ili kumtukuza Mungu, na anayeuliza huonekana mtu wa moyo mgumu. Taratibu hizi mbili, zinazotofautiana karibu katika kila jambo jingine, zinakubaliana katika hili: neno likishatamkwa kwa uzito wake, maswali hukoma. Si ajabu basi kwamba mzee aliyelelewa kati ya kiapo na ushuhuda, akiulizwa na daktari kijana ni kitu gani hasa kilichompata baada ya ile sindano ya mwaka wa njaa, na baada ya dakika ngapi, husikia shutuma, na hujibu kwa mkato kwamba dawa hiyo ilimkataa na yatosha.

Mkristo anayedhani kwamba imani inakataza maswali ya namna hiyo atakuwa amezisoma Injili kwa haraka. Katika sura ya 9 ya Marko, baba anapomleta mwanawe mwenye kifafa, Yesu hamponyi papo hapo, bali kwanza anamwuliza baba huyo mtoto amekuwa katika hali hiyo tangu lini, na baba anaeleza tangu utoto, na jinsi mtoto anavyoanguka motoni na majini. Hiyo ni historia ya ugonjwa, imechukuliwa kama anavyoichukua daktari yeyote makini. Na katika sura ya 1 ya kitabu hichohicho, mwenye ukoma aliyekwisha kuponywa anaagizwa aende akajionyeshe kwa kuhani, yaani kwa yule aliyekuwa na mamlaka ya kukagua ngozi na kutangaza kwamba mtu ametakasika. Uponyaji wenyewe haukutiwa shaka, na bado ukaguzi uliagizwa. Inashangaza kidogo kwamba mahubiri mengi juu ya aya hizo huruka swali na ukaguzi na kukimbilia muujiza.

Hospitali za eneo hili zenyewe ni zao la imani iliyokubali ukaguzi. Misheni ya Kianglikana ya Kigari karibu na Embu ilianzishwa mwaka 1910 na daktari, T. W. W. Crawford; Chogoria, ambayo leo imo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi lakini kwa historia ni sehemu ya Meru kubwa, ilianzishwa mwaka 1922 na Dkt. Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland. Wamethodisti walijenga Maua, na Wakatoliki wa Consolata wakajenga Nkubu. Kanisa hilo la Scotland ndilo lililomtoa, karne moja na nusu hivi kabla ya Irvine, mchungaji na mwanafalsafa Thomas Reid, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1764 alifundisha kwamba Muumba ametia ndani ya binadamu mielekeo miwili inayolingana, mmoja wa kusema kweli na mwingine wa kusadiki anachoambiwa, na kwamba pasipo huo wa pili mtoto asingejifunza lolote. Alikuwa akimjibu David Hume, aliyedai kwamba neno la mtu halina uzito wowote ila ule linaoupata kutokana na uzoefu wetu wa kuona maneno ya namna hiyo yakithibitika. Kwa kufuata Reid, daktari huanza kwa kusadiki na kuacha tu akipata sababu. Kwa kufuata Hume, huanza kwa kupima neno hilo limetokea kuwa kweli mara ngapi.

Kipimo cha Hume kimeshafanywa, na matokeo yake yanatia wasiwasi. Nchini Marekani, ambako suala hili limechunguzwa sana, takriban mtu mmoja kati ya kumi husema ana mzio wa penisilini, lakini wanapopimwa ipasavyo, zaidi ya tisa kati ya kumi wa watu hao hukutwa wanaweza kuitumia bila madhara. Wengine walipata upele utotoni kutokana na homa ya virusi iliyotibiwa kimakosa kwa dawa hiyo. Wengine waliharisha au kutapika, mambo ambayo ni usumbufu wa dawa wala si mzio. Na hata miongoni mwa waliokuwa na mzio wa kweli, wanane kati ya kumi hivi huupoteza baada ya miaka 10. Hali ya ganzi ni ya ajabu zaidi. Prokeini, iliyotawala tangu mwaka 1905, ilikuwa na kawaida ya kuleta mzio, lakini lignokeini, iliyotengenezwa na Nils Löfgren wa Sweden mwaka 1943, ni ya jamii nyingine, na mzio wa kweli dhidi yake ni nadra sana. Bado watu wengi huamini wanao, kwa kuwa waliwahi kuzimia kwa hofu ya sindano, au kwa kuwa adrenalini iliyomo iliingia kwenye mshipa na moyo ukaenda mbio.

Makosa hutokea pale daktari anapozichukua takwimu hizo na kuzigeuza silaha dhidi ya aliye mbele yake. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu cha mwaka 2007, ameeleza dhuluma anayofanyiwa mtu kama mjuzi, pale neno lake linapopunguziwa thamani kwa sababu ya yeye ni nani: mwanamke, mzee, mtu wa kijijini, asiyejua Kiingereza. Tisa kati ya kumi si kumi, na yule mmoja hajulikani kwa kumtazama usoni. Reid na Hume wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, wanamfikisha daktari mahali pamoja, ambapo hana budi kuuliza.

Tuseme basi kwamba mkulima wa muguka, yale majani ya kutafunwa, kutoka Kiritiri, katika nchi ya Mbeere, mama wa umri wa miaka 60 hivi, amekwenda hospitalini Embu akiwa na uvimbe kwenye taya la chini, chini ya gego lililokufa zamani. Amekuja na daftari la shule lenye kurasa zilizokunjamana, lile ambalo katika vituo vingi vya afya vya Kenya ndilo kumbukumbu pekee ya mgonjwa, na juu ya jalada lake mkono wa mtu asiyejulikana umeandika kwa wino mwekundu kwamba asipewe penisilini. Daktari anayemwambia, “Mama, nakuamini, ndiyo maana nataka unieleze yote,” na kisha kunyamaza, atasikia zaidi ya wino ule: kwamba sindano ilichomwa kwenye zahanati alipokuwa msichana, kwamba alikuwa hajala tangu jana yake, kwamba macho yaliingia giza akatokwa na jasho la baridi hata kabla sindano haijachomolewa, kwamba hakuwashwa wala hakuvimba, na kwamba alipolazwa kwenye benchi na kuinuliwa miguu alizinduka na kwenda nyumbani kwa miguu. Akiulizwa kama amewahi kumeza vidonge vya rangi mbili vya kifua, atasema ndiyo, mara nyingi, vilivyonunuliwa dukani. Vidonge hivyo huenda vilikuwa amoksilini, na ikithibitika hivyo, mwili wake umekwisha kulijibu swali ambalo daftari limelibeba maisha yake yote.

Aliyemwelewa mama huyo hatachukua kalamu akafuta wino mwekundu papo hapo. Atamwomba alete pakiti ya dawa aliyotumia, atamshauri kuhusu kipimo cha ngozi au dozi ndogo ya majaribio mahali penye adrenalini na watu wanaojua kuitumia, na huenda akagundua kwamba swali lote halikuwa na haja siku hiyo, kwa maana sisti isiyo na usaha, kwa mtu mwenye afya njema, mara nyingi hutolewa bila antibiotiki yoyote. Hilo ni jambo linalostahili kutiliwa mkazo: sehemu kubwa ya hofu ya mzio huletwa na dawa zilizoandikwa kwa mazoea.

Kuna historia nyingine ambamo kuuliza hukoma mapema, na lazima kukome. Mtu anayeeleza kwamba baada ya siku kadhaa za kutumia Septrin au dawa ya kifafa ngozi yake ilibabuka, macho yakawa mekundu, na midomo na kinywa vikajaa vidonda, ameeleza ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambao huua, na kumpa tena dawa hiyo kwa jina la majaribio ni jambo lisilo na utetezi. Vivyo hivyo, hakuna heshima katika kumlazimisha aliyewahi kukosa pumzi arudie hadithi yake mbele ya wanafunzi kumi. Kuuliza ni namna ya kuutafuta ukweli, na ukishapatikana katika sentensi ya kwanza, maswali ya ziada huwa ni udadisi tu.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ambayo ina wafuasi wake wachache lakini wa siku nyingi katika miji ya Meru na Embu, wana kanuni mbili zinazofaa hapa kuliko nyingi za vitabu vya kisasa. Ya kwanza hufundisha kwamba jambo la yakini haliondolewi na shaka. Ya pili, kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mengine yaliyo sawa nayo. Daktari anayekimbia penisilini kwa shaka na kutoa klindamaisini anasahau kanuni ya pili, kwa sababu dawa hiyo mbadala nayo ina madhara yake, ikiwemo harara ya utumbo inayoweza kumlaza mtu kitandani, na madhara hayo hayapungui eti kwa kuwa yamekuja kwa nia ya tahadhari.

Miraa ya Igembe na Tigania, na muguka wa Mbeere, huongeza ugumu ambao vitabu vilivyoandikwa Ulaya havikuutazamia. Kathinoni iliyomo katika majani hayo huuchochea moyo, na kijana aliyetafuna tangu asubuhi, kisha akachomwa ganzi yenye adrenalini, anaweza kusikia kifua kikigonga na mikono ikitetemeka, akaondoka akiamini kwamba ana mzio wa ganzi. Ataulizwa kuhusu miraa na atakana, iwapo anayeuliza ana sauti ya mhubiri. Ukweli wa ushahidi, kwa hiyo, haumtegemei shahidi peke yake. Anayehoji naye hushiriki kuutengeneza au kuuharibu, na katika hili daktari ana deni kabla hata hajaipata haki ya kutilia shaka.

Tofauti kabisa na hayo ni neno la mwumini wa Kabonokia, kundi la eneo la Tharaka linalojulikana kwa kukataa dawa na chanjo za hospitali. Huyu naye husema hawezi kutumia dawa, lakini hatoi habari kuhusu mwili wake, anatangaza uamuzi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hulinda uhuru wake wa dhamiri katika kifungu cha 32, na haki ya kila mtu ya afya katika kifungu cha 43, na kwa mtu mzima mwenye akili timamu uamuzi huo hauhojiwi kama historia, ingawa ni lazima aelezwe sisti yake itakavyoendelea kulila taya. Mtoto wake mwenye sisti iliyozingira jino ambalo halijaota ni suala jingine, kwa sababu hapo mzazi anasema kwa niaba ya mwili usio wake.

Kusema kwa niaba ya mwili usio wako ndiko pia kunakoleta kesi iliyo ngumu kuliko zote. Wako watu wazima wanaosema kwamba hawatumii dawa fulani kwa sababu mama yao, aliyekwisha kufariki, aliwaambia kwamba nusura iwaue walipokuwa wachanga. Hawakumbuki lolote, hakuna daftari, na aliyeona hayupo. Hume angeliweka neno hilo chini kabisa katika mizani yake. Reid angesema kwamba kumsadiki mama ndiyo shule ya kwanza ya kila mtu. Hapo wajibu wa kuuliza hubaki bila wa kumwuliza, ila pengine shangazi au mkunga mzee wa kijiji, ambao daktari mwenye subira humtuma mgonjwa akawatafute. Wakikosekana nao, sisti yenyewe hutoa nafasi: jino lililokufa hushughulikiwa, mfuko hutolewa kwa ganzi isiyohusiana na dawa inayoshukiwa, au hufunguliwa dirisha na kuoshwa kwa maji ya chumvi kila siku hadi mfupa ujae, na katika daftari huandikwa jina la dawa, kwamba kisa hakikuonwa na mgonjwa bali alikisikia, kutoka kwa nani, na kwamba hakijapimwa, ili daktari atakayefuata aanzie hapo na asianze upya.